Mahari ya Matofali

Mjini Mpanda nyumba haiuzwi na dalali, inauzwa na tumbaku. Mpaka wakulima walipwe, dalali anaweza kulisifia bati lako hadi mate yamkauke, na watu wataitikia kwa heshima, watazunguka uani, watagonga ukuta kwa vidole kama wanaobisha hodi, kisha watasema watarudi. Mwaka huu malipo yalichelewa. Kwa hiyo Gaudiose alijikuta ana miezi mitatu ya kuishi ndani ya nyumba yake ya mtaa wa Nsemulwa, ambayo moyoni alishaiaga, na bado haijawa ya mtu mwingine.

Maisha ya namna hiyo yana taratibu zake. Taa ya chumbani ikiungua hununui nyingine, unahamishia ile ya sebuleni. Kikombe kikivunjika unasema afadhali, kimepunguza mzigo. Makochi aliyauza mwezi wa sita, kabati mwezi wa saba, na sasa mwezi wa nane alikuwa akila amekaa kwenye kigoda, sauti ya kijiko ikimrudia kutoka kila kona ya sebule tupu. Aliapa hatapanda mchicha tena, maana nani atauchuma. Halafu siku moja akashtuka amechimba tuta dogo karibu na bomba, kwa sababu tu mikono haikuwa na kazi. Mchicha ule alikuwa ameshauchuma mara mbili, na sasa ulikuwa unachipua mara ya tatu.

Ukutani, upande wa barabara, kulikuwa na maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII INAUZWA, na chini yake namba ya simu. Rangi ilibaki nusu kopo. Aliliweka nyuma ya mlango wa jikoni, brashi juu yake.

Aliyeamuru maneno yale ni kaka yake, Dieudonne, ambaye huu ulikuwa mwaka wake wa tisa Kanada. Ndiye aliyemtafutia chuo cha kusomea kutunza wagonjwa, miaka miwili, na ndiye aliyelipa. Viza ilikuwa imetoka. Tiketi ilikuwa ya tarehe kumi na nane.

"Uza, uje," alimwambia kwenye simu. "Usiache kitu nyuma. Baba na mama walikimbia Burundi wakaacha shamba, wakaliota mpaka wanakufa. Mimi sitaki kuota bati la Nsemulwa."

Gaudiose alimwelewa. Jambo moja tu ndilo hakumwambia: kwamba anachokiacha nyuma si nyumba peke yake.

Masele aliendesha mashine ya kukoboa mpunga mtaa wa pili. Kwa miaka miwili alikuwa akipita kila jioni akitoka kazini, pumba zimemjaa mpaka kwenye kope, na Gaudiose akimwambia atikise kichwa uani kabla hajaingia ndani, kuku nao wapate chochote. Siku maneno mekundu yalipokauka ukutani, Masele alisimama barabarani akayasoma polepole, kama mtu aliyeacha shule darasa la pili, ingawa kidato cha nne alimaliza.

"Utaenda?" akauliza.

"Nimepata chuo."

"Basi nenda."

Hakusema baki. Hakusema nitakusubiri. Tangu siku ile hakupita tena, na mashine ya mtaa wa pili ikawa inanguruma mchana kutwa kama mtu anayemsema Gaudiose pembeni.

Ijumaa hiyo shangazi yake Emelyne aliwasili mapema kutoka Katumba, amevaa kitenge kipya na uso wa sherehe. Gaudiose alimwita masenge, kama Warundi wanavyomwita dada wa baba, naye akamwita mwananje, yaani mwanangu.

"Mnunuzi kapatikana, mwananje," alisema kabla hajatua kikapu. "Mfugaji wa Kasekese. Mwenyekiti wa mtaa ndiye kanipigia. Anataka tuandikishane leo hii, kesho ng'ombe waende mnadani, Jumatatu amalize kila kitu."

"Mfugaji anataka nini mjini?"

"Anataka nyumba. Au ulitaka akusimulie na ndoto zake?"

Gaudiose akafagia ua mara ya pili, ingawa ulikuwa safi. Aliiambia nafsi yake ifurahi. Nafsi ikamwambia subiri kidogo.

Saa nne mwenyekiti Ladislas aliingia na daftari kwapani, muhuri na kidau cha wino amevifunga kwenye leso. Nyuma yake mzee mrefu mwenye kofia pana, fimbo mkononi na viatu vya tairi miguuni. Na nyuma ya mzee, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, alikuwa Masele. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, kope zake hazikuwa na pumba.

"Mwangaluka," mzee alisalimia kwa Kisukuma, kisha akakumbuka alipo. "Habari za hapa?"

"Nzuri. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mimi Ngolo. Huyu mwanangu."

"Namfahamu," Gaudiose alisema.

Masele alimwangalia, macho yao yakagusana mara moja tu, kisha akayahamishia kwenye paa kama mnunuzi yeyote. Gaudiose alihisi kitu kinamporomoka kifuani, taratibu, kama udongo wa ukingo wa mto. Miezi mitatu alimngoja mtu huyu aje kuomba maji ya kunywa. Amekuja kununua bomba.

Masenge alimvuta pembeni. "Si yule kijana wa mashine?"

"Ndiye."

"Yule niliyekukataza?"

"Ndiye, masenge."

Mama huyo alifikiri kidogo. Alikuwa amekataza kwa sababu inayojulikana na ukoo mzima: mwaka mmoja ng'ombe wa Wasukuma waliingia shambani kwake Katumba wakamaliza mahindi yote, yeye amesimama kando na ufagio.

"Haidhuru," akasema. "Kununua si kuoa. Lete viti."

"Viti nimeuza."

"Basi lete ndoo tuzipindue, tukae."

Nyumba haiandikishwi kabla ya kuzunguka mpaka. Wakazunguka. Ladislas mbele, mzee Ngolo akipima hatua na fimbo yake, masenge akisifia, Gaudiose akionyesha.

"Minyaa hii?"

"Aliipanda marehemu mama. Mwisho wake pale kwenye jiwe."

"Matofali ya kuchoma?"

"Tulichoma wenyewe. Mama alikanda udongo, mimi nikabeba maji. Nilikuwa darasa la sita."

Mzee akagonga ukuta kwa fimbo, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Masele alikuwa nyuma kabisa. Gaudiose alimwona kwa pembe ya jicho akiinama kwenye tuta la mchicha, akinyoosha mche mmoja uliokanyagwa, akiushindilia udongo kwa vidole viwili. Hakujua kuwa anaonekana.

"Nyumba nzuri," mzee Ngolo alisema walipofika tena barazani. "Ila ningekuwa na akili zangu nisingekuwa hapa."

"Kwa nini, mzee?" Ladislas aliuliza, akifungua daftari.

"Hawa ng'ombe hawakuwa wa kununulia nyumba. Kumi na wawili, nimemtengea kijana huyu tangu alipoota ndevu, aje aoe. Nikamwonyesha binti wa watu, kazi anajua, kwao tunakujua. Kakataa. Ananiambia, baba, mimi sioi tena, nipe ng'ombe wangu wa mahari ninunue nyumba. Nyumba gani? Ile ya Nsemulwa. Kwa nini ile? Kimya. Sasa nyie wa mjini nisaidieni. Mtu anaoa matofali?"

Ladislas alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Masele alikuwa ameinamisha uso, masikio yamemwiva.

Gaudiose aliinuka kutoka kwenye ndoo yake. "Masele, njoo uone dari ya chumba cha ndani. Mnunuzi lazima aone dari."

"Pazia liwe wazi," masenge alisema.

"Pazia nimeuza."

Chumbani hakukuwa na kitu ila godoro lililokunjwa na sanduku la safari. Sauti zao zilirudi kwenye kuta, ikabidi waongee chini.

"Umekuja kununua nyumba," Gaudiose alianza.

"Nimekuja."

"Miezi mitatu hupiti hata kuomba maji. Leo unaniletea mwenyekiti na muhuri."

"Nilikuwa natafuta namna."

"Namna ya nini?"

Masele aliangalia dari kweli, kama aliyeambiwa. "Akinunua mtu mwingine atabomoa, ataweka fremu za maduka. Utakuwa huna pa kurudi. Na mtu asiye na pa kurudi, atarudi wapi? Nikinunua mimi, nitaitunza. Nitapaka chokaa. Hata huo mchicha nitamwagilia. Siku ukikumbuka kwenu, utajua kuko."

"Na wewe utakuwa ndani."

"Nitakuwa ndani."

"Ukinisubiri."

"Sikusema hivyo."

"Sema basi."

Masele alivua kofia yake. Alikuwa anaigeuzageuza mikononi, na kidole gumba chake cha kulia, kile kilichobanwa na mkanda wa mashine mwaka jana, kilikuwa bado na kucha nyeusi. Gaudiose ndiye aliyekifunga siku ile. Alitaka kukishika.

"Kwa nini hukuniambia nibaki?"

"Ningekuambia, ungebaki?"

Alilifikiria swali lile kwa haki, maana liliulizwa kwa haki. "Hapana. Ningekwenda, na ningekwenda na hasira."

"Ndiyo maana."

"Na kunisubiri? Hilo nalo lilikushinda kusema?"

"Gaudi, hilo ni kumfunga mtu kamba mguuni halafu umwambie akimbie. Unakwenda kusoma. Ukifika huko, nani kasema utamtaka tena mtu wa pumba?"

"Mimi ndiye wa kusema namtaka nani."

"Hukusema."

"Hukuuliza."

Nje walimsikia masenge akikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Gaudiose alisogea hatua moja. Shati la Masele lilinukia pasi ya mkaa, na chini yake, hata baada ya kuoga na kujisugua, bado kulikuwa na harufu ya mpunga.

"Ng'ombe wale," alisema, "walikuwa wa mahari ya nani?"

"Unajua."

"Sijui. Nimechoka kujua vitu ambavyo sijaambiwa."

Masele alimwangalia moja kwa moja, na macho yake safari hii hayakukimbilia darini. "Tangu siku uliponiambia nitikise kichwa kuku wapate chochote, hawakuwa wa mtu mwingine. Ulipoandika pale ukutani nikaona basi, yamekwisha, nitoe ng'ombe nipate angalau ulipokuwa unakaa."

Gaudiose alitaka kulia, kikatoka kicheko. "Yaani umeitolea mahari nyumba, mimi ukaniacha niende zangu bure."

Masele naye akacheka, kwa pua, kama anavyocheka siku zote, na miezi mitatu ikaanguka sakafuni kati yao kama kanga iliyofunguka.

"Miaka miwili," Gaudiose alisema. "Chuo ni miaka miwili. Nikimaliza narudi. Na hapa kuna wagonjwa, nao wanahitaji kutunzwa. Utanisubiri?"

"Miwili tu? Mashine ilivyoharibika nilisubiri spea miezi sita, na sikuwa naipenda."

"Sema vizuri, Masele."

"Nitakusubiri, Gaudiose." Alilitamka jina lote, silabi moja moja.

Gaudiose alikishika kile kidole chenye kucha nyeusi, akakibana, akakiachia. Kisha akapitia jikoni, akanyoosha mkono nyuma ya mlango.

Barazani Ladislas alikuwa ameshachovya muhuri kwenye wino. Masenge alikuwa ameshika simu mbele ya uso wake kwa mikono miwili, na ndani ya simu alikuwemo Dieudonne, amevaa sweta, aje ashuhudie.

"Huyo hapo," alisema Dieudonne. "Haya, muuzaji atie saini, mimi niwahi zamu ya alfajiri."

"Muuzaji hayupo," Gaudiose alisema. Aliweka kopo la rangi chini, akamgeukia mzee Ngolo, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mzee."

"Ulishanipa shikamoo."

"Naitoa tena, maana ninayotaka kusema yanahitaji mbili."

Mzee akaegemea fimbo yake. "Sema."

"Kesho ng'ombe wasiende mnadani. Warudi Kasekese wakale majani. Nyumba siuzi. Nakwenda kusoma miaka miwili, nikirudi uwapeleke Katumba, mlangoni kwa masenge wangu, pamoja na ndama watakaokuwa wamezaliwa. Mwanao hajanunua matofali. Na mimi simwachi."

Muhuri wa Ladislas ulidondosha tone la wino kwenye ukurasa mweupe. Masenge ndiye aliyewahi kupata sauti.

"Ng'ombe za Ngolo mlangoni kwangu? Zile zile zilizokula mahindi yangu?"

"Mama, zilizokula mahindi yako si zangu," mzee Ngolo alijibu.

"Zote zinafanana."

"Kwetu sisi hakuna ng'ombe wawili wanaofanana."

"Basi aliyekuwa anaongoza alikuwa mwekundu, ana doa jeupe shingoni na pembe moja imekatika."

Mzee aliivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi. "Huyo," alisema, "nilishamuuza."

Ladislas akainama kwenye daftari mabega yakimtikisika. Hata masenge alilazimika kufunika mdomo kwa kitenge, lakini hakuwa mtu wa kusalimu amri siku moja. "Tutayaongea hayo. Siku ya ng'ombe ikifika tutayaongea, na mahindi yangu yatakuwemo."

"Lakini anayepanda ndege harudi," mzee Ngolo akamwambia Gaudiose, sasa bila mzaha. "Mimi si mtu mbaya, binti yangu. Nimewaona. Wanaagana vizuri, wanalia, halafu simu inapungua, inapungua, inakatika. Mwanangu atakaa anazeeka na mashine."

"Wanaouza ndio hawarudi, mzee. Mimi nyumba yangu itakuwa hapa, ufunguo atakuwa nao mwanao. Ataishi, atapaka chokaa, atakula mchicha wangu. Nikikawia, mna haki ya kunicheka mnadani mbele ya watu wote."

Mzee alimtazama mwanawe. Masele alikwenda akaokota lile kopo, akalishika kwa mikono miwili, akasimama nalo kando ya Gaudiose kama mtu aliyepewa mtoto wa kushika.

"Kule Kanada," mzee Ngolo aliiuliza simu, akiisogelea kama kisima, "kuna ng'ombe?"

Dieudonne hakulitegemea swali hilo. "Wapo, mzee. Wengi sana."

"Basi haendi kwa watu wabaya." Akamgeukia Ladislas. "Funga wino wako, mwenyekiti."

"Subirini," sauti ya Dieudonne ilipanda. "Gaudiose, unafanya nini? Mimi ndiye mkubwa. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana nije, kaka, na nakuja. Tarehe kumi na nane niko kwenye ndege. Nitasoma, nitaosha wazee wa watu mpaka nipate cheti, na kila nitakachokula kwako nitakishukuru. Lakini karatasi ya kiwanja ina jina langu. Mama aliliandikisha mwenyewe, kwa sababu maji ya matofali haya nilibeba mimi. Wewe unaogopa kuota bati la Nsemulwa. Mimi naogopa kuamka huko nikiwa sina hata la kuota."

Dieudonne alijifuta uso kwa kiganja, na kwa kitambo kidogo alifanana na baba yao. Lakini alikuwa kaka mkubwa, na kaka mkubwa hushindwa kwa hatua.

"Sawa, nyumba ni yako," alisema. "Lakini umemtoa mzee wa watu Kasekese. Umempotezea mwenyekiti siku. Umemvalisha shangazi kitenge kipya bure. Muombe mzee radhi. Na mimi uniombe radhi."

Gaudiose alikuwa ameshafika ukutani, upande wa barabara. Masenge alimfuata na simu, mzee Ngolo akafuata fimbo ikigonga, Ladislas naye akaja, leso mkononi. Masele aliinua kopo. Brashi ilikuwa imekakamaa kwa kukaa miezi mitatu, Gaudiose akaigonga kwenye goti mpaka ikalainika, akaichovya, akapitisha mstari mnene juu ya maneno ya zamani na juu ya namba ya simu. Chini yake, kwa herufi kubwa zinazosomeka na mwenye pikipiki anayekimbia, akaanza kuandika kama familia nyingi zinavyoandika kwenye nyumba wanazozipenda: NYUMBA HII HAIUZWI.

"Gaudiose, nasubiri," simu ilisema.

"Sema pole tu, mwananje," masenge alimnong'oneza. "Neno dogo."

Gaudiose alimalizia herufi ya mwisho, akarudi nyuma hatua moja kuitazama. Ilikuwa imepinda kidogo upande wa kulia. Masele alisogea, bega lake likagusa la Gaudiose, na wala hakuliondoa.

"Siombi radhi, kaka," alisema. "Wewe sikuombi, mzee simwombi, masenge simwombi. Sina kosa hapa."

Akachovya brashi tena, akainyoosha ile herufi iliyopinda.